Dharura Imefutwa, Vikwazo Je? Mwongozo Kamili wa Kusoma Amri ya Marekani Inayofuta Hali ya Dharura na Kurekebisha Vikwazo

Tarehe 18 Novemba 2021 Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini amri nambari 14054, akaifuta hali ya dharura ya kitaifa ambayo Barack Obama aliitangaza kuhusu Burundi tarehe 22 Novemba 2015, wakati nchi ile ilipokuwa imetumbukia katika machafuko baada ya Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Habari ilipotufikia Afrika Mashariki ilikuwa fupi: Burundi imeondolewa vikwazo. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, tarehe 4 Machi 2024, Biden huyohuyo aliifuta kwa amri nambari 14118 dharura iliyoihusu Zimbabwe tangu 2003, na habari ikafupishwa hivyohivyo. Lakini siku hiyohiyo Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo Rais Emmerson Mnangagwa, pamoja na mkewe, makamu wake Constantino Chiwenga na wengine, kwa kutumia amri nyingine kabisa. Nyaraka mbili zilizofanana kwa sura zilikuwa na matokeo tofauti kabisa, na aliyeishia kwenye kichwa cha habari hakuwa na njia ya kuijua tofauti hiyo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye tofauti hiyo inamgusa mfukoni au kazini: mwagizaji wa bidhaa anayelipa kwa dola, ofisa wa benki anayekagua malipo, mwanasheria, mwandishi wa habari, msimamizi wa shirika la misaada, na Mrundi au Mkongo anayeishi Marekani na kuwatumia fedha ndugu zake walioko nyumbani. Unamwonyesha jinsi ya kuisoma amri ya namna hii mwenyewe, hatua kwa hatua, na jambo la kufanya baada ya kuisoma. Penye shauri la fedha nyingi atamhitaji wakili, lakini ni vyema amwendee wakili huyo akiwa anajua swali la kumwuliza.

Dharura inayozungumzwa ni ya aina gani

Msomaji wetu akisikia "hali ya dharura" hufikiria marufuku ya kutoka nje usiku na askari barabarani, na wazee wa Kenya hukumbuka miaka ya 1952 hadi 1960. Dharura tunayoizungumzia hapa haina askari. Ni kibali cha kisheria ambacho rais wa Marekani hujipatia kwa kutangaza kwamba kuna tishio lisilo la kawaida ambalo chanzo chake, chote au kwa sehemu kubwa, kiko nje ya nchi yake. Akishatangaza hivyo, sheria ya mwaka 1977 ya mamlaka ya kiuchumi wakati wa dharura za kimataifa, ambayo watu wa kazi hii huiita IEEPA, humruhusu kuzuia mali za watu wa nje na kupiga marufuku miamala nao. Namna ya kuitangaza dharura hiyo, kuihuisha na kuifuta imewekwa na sheria nyingine iliyotangulia, Sheria ya Dharura za Kitaifa ya 1976. Dharura ya kwanza iliyotangazwa kwa IEEPA ni ile ya Iran, Novemba 1979, na imehuishwa mwaka hadi mwaka tangu wakati huo.

Ninapowaeleza watu jambo hili hutumia mfano wa msumari ukutani. Dharura ni msumari, na vikwazo ni nguo zilizotundikwa juu yake: amri za rais, kanuni za Wizara ya Fedha, na orodha ya majina. Ukiung'oa msumari, nguo zote huanguka, isipokuwa zile ambazo mwenye nyumba alikwisha kuzihamishia kwenye msumari mwingine kabla ya kuung'oa huo wa kwanza. Kazi nzima ya kuisoma amri ni kutafuta nguo zipi zimeanguka, zipi zimehamishwa, na zipi tangu mwanzo hazikuwa kwenye msumari ule.

Hatua ya kwanza: ipate amri yenyewe na usome utangulizi wake

Amri za rais wa Marekani huchapishwa katika Rejesta ya Shirikisho, ambayo ni gazeti rasmi la serikali yao, na husomeka bure katika mtandao. Usianze na taarifa kwa vyombo vya habari. Taarifa hizo huandikwa kueleza nia, na nia haina nguvu ya sheria.

Utangulizi hutaja sheria ambazo rais anazitegemea, na hapo ndipo unapoanza kujua ukubwa wa jambo. Baada ya sheria hufuata aya inayoeleza sababu. Katika amri ya Burundi sababu zilizotajwa ni makabidhiano ya madaraka baada ya uchaguzi wa 2020, kupungua sana kwa ghasia, na mageuzi aliyoyaanzisha Rais Évariste Ndayishimiye. Amri ya Zimbabwe ilikuwa na sauti nyingine: iliifuta dharura, lakini ikasema wazi kwamba rais bado ana wasiwasi na hali ya nchi hiyo, hasa ukiukaji wa haki za binadamu dhidi ya wapinzani wa kisiasa na ufisadi. Amri inayofuta huku ikieleza wasiwasi ni ishara kwamba kuna msumari mwingine mahali fulani. Ukiona maneno hayo, acha kusherehekea na uendelee kusoma.

Hatua ya pili: andika tarehe zote kwenye karatasi moja

Sheria ya 1976 inasema kwamba dharura hufa yenyewe siku ya kumbukumbu yake ya kila mwaka, isipokuwa rais awe amechapisha tangazo la kuihuisha na kulipeleka Bungeni ndani ya siku 90 kabla ya siku hiyo. Dharura ya Burundi ilitangazwa tarehe 22 Novemba, ikafutwa zikiwa zimebaki siku nne. Ya Zimbabwe ilitangazwa tarehe 6 Machi 2003, ikafutwa tarehe 4 Machi, siku mbili kabla. Sioni kuwa ni sadfa. Siku ya kumbukumbu humlazimisha rais kuamua, na kwa hiyo mwenye kuijua tarehe hiyo anajua ni majuma gani ya mwaka anapaswa kuwa macho.

Si dharura zote zinazofuata kalenda hiyo. Ile ya Syria ilitangazwa na George W. Bush tarehe 11 Mei 2004, lakini ikafutwa tarehe 30 Juni 2025, kwa sababu kilichoisukuma ni mambo ya kisiasa: utawala wa Bashar al-Assad ulianguka tarehe 8 Desemba 2024, na Rais Donald Trump akatangaza akiwa Riyadh tarehe 13 Mei 2025 kwamba ataviondoa vikwazo. Amri yenyewe, nambari 14312, ilitiwa saini tarehe 30 Juni na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai.

Kwa hiyo andika kando kando siku ya kutiwa saini, siku ya kuanza kutumika, na siku ambayo kanuni zinazohusika ziliondolewa katika kitabu cha kanuni za shirikisho. Siku hiyo ya tatu huchelewa. Kanuni za vikwazo vya Syria ziliondolewa Agosti 2025, takriban miezi miwili baada ya dharura kufa. Katika kipindi hicho cha katikati mtu anaweza kufungua kitabu akazikuta kanuni zimekaa palepale na kudhani bado zina nguvu. Cha kuzingatia ni siku ya amri kuanza kutumika.

Hatua ya tatu: tenganisha kilichofutwa na kilichorekebishwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wengi hukosea. Chukua karatasi yenye safu tatu. Katika ya kwanza andika nambari ya kila amri iliyofutwa. Katika ya pili, kila amri iliyorekebishwa. Katika ya tatu, kila amri iliyotajwa bila kuguswa. Kisha jiulize kila moja inasimama juu ya dharura ipi.

Kwa Burundi karatasi ni nyepesi. Amri ilikuwa moja, nambari 13712 ya 2015, na ilifutwa yote pamoja na dharura yake. Watu 11 waliokuwa wameorodheshwa waliondolewa. Miongoni mwao alikuwamo Alain Guillaume Bunyoni, ambaye alipoorodheshwa mwaka 2015 alikuwa waziri wa usalama wa umma, na siku anaondolewa alikuwa waziri mkuu. Alikuwamo pia Jenerali Godefroid Niyombare, aliyeongoza jaribio la mapinduzi la Mei 2015. Wapinzani hao wawili walizuiwa kwa amri moja na wakafunguliwa kwa amri moja, na jambo hilo lafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba orodha za namna hii hulenga upande wa serikali peke yake.

Kwa Zimbabwe karatasi inakuwa nzito zaidi. Safu ya kwanza ina amri tatu: ya Machi 2003, ya Novemba 2005 na ya Julai 2008. Lakini kazi ya kuwabana viongozi haikukoma. Ilihamishiwa kwenye amri nambari 13818 ya Desemba 2017, ambayo haitaji nchi yoyote kwa jina, kwa kuwa inahusu ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu na ufisadi popote duniani, na inasimama juu ya dharura yake yenyewe. Chini ya amri hiyo waliorodheshwa watu 11 na kampuni tatu, mmoja wao akiwa mfanyabiashara Kudakwashe Tagwirei na kampuni yake ya Sakunda Holdings. Maana yake ni kwamba Zimbabwe kama nchi ilitoka katika vikwazo, ilhali rais wake hakutoka. Mtu aliyetaka kumwuzia matrekta mkulima wa Mashonaland aliyekuwa kwenye orodha ya zamani peke yake alifunguliwa njia. Aliyetaka kufanya biashara na Sakunda alibaki mlangoni.

Syria ni mfano uliokamilika kuliko yote, kwa sababu kufuta na kurekebisha kulifanywa ndani ya waraka mmoja. Amri 14312 ilizifuta amri sita pamoja na dharura ya 2004. Wakati huohuo ikaichukua amri nyingine, nambari 13894 ya Oktoba 2019, ambayo ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mapigano ya kaskazini mwa Syria na ilikuwa na dharura yake ya peke yake, ikaipanua ili imbane Assad, washirika wake, na wanaohusika na biashara ya dawa ya kulevya ya captagon. Msumari wa zamani uling'olewa, na msumari mdogo uliokuwa pembeni ukapigiliwa zaidi ili ubebe mzigo mpya. Watu na taasisi 518 ziliondolewa kwenye orodha. Assad hakuondolewa.

Hatua ya nne: litafute neno "peke yake"

Ofisi inayosimamia vikwazo hivi ndani ya Wizara ya Fedha ya Marekani ni OFAC, iliyoanzishwa Desemba 1950 wakati wa vita vya Korea. Dharura inapofutwa, ofisi hiyo hutoa maelezo kwamba mali zilizozuiwa kwa amri iliyofutwa peke yake sasa ziko huru. Maneno hayo mawili yana uzito kuliko ukurasa mzima, kwa sababu mtu mmoja aweza kuwa ameorodheshwa kwa sababu mbili au tatu. Ya kwanza ikifutwa, ya pili inatosha kumshikilia.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Katika tovuti ya OFAC kuna kifaa cha kutafutia majina, na mbele ya kila jina huwekwa alama ya mpango uliomfunga mtu huyo. Aliyezuiwa kwa mpango wa zamani wa Zimbabwe alikuwa na alama ya ZIMBABWE. Aliyezuiwa kwa amri 13818 ana alama ya GLOMAG. Tafuta jina la unayefanya naye biashara, majina ya wakurugenzi wake, na jina la meli ikiwa mzigo unasafiri baharini. Hifadhi nakala ya ukurasa pamoja na tarehe na saa uliyotafuta. Nakala hiyo itakusaidia kuliko maelezo yoyote utakayoyatoa baadaye kwa kumbukumbu ya kichwa.

Jihadhari na majina yanayofanana. Majina ya Kirundi na Kinyarwanda hurudiwa katika familia nyingi zisizo na uhusiano, na majina ya Kiislamu ya pwani yetu hufanana na ya nusu ya dunia. Jina likilingana, linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa na nambari ya pasipoti kabla ya kumhukumu mtu.

Hatua ya tano: pigia hesabu umiliki

Kampuni inaweza kuwa imezuiwa bila jina lake kuonekana popote. Kanuni ya OFAC ni kwamba kampuni ambayo watu waliozuiwa wanaimiliki kwa jumla ya asilimia 50 au zaidi, nayo imezuiwa. Amri inayofuta na kurekebisha hubadilisha hesabu hiyo kimyakimya, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote.

Tuseme kampuni ya usafirishaji ina wanahisa watatu. Wa kwanza ana asilimia 30, wa pili ana 25, na wa tatu, ambaye hana tatizo lolote, ana 45. Ikiwa wa kwanza na wa pili wote wameorodheshwa, jumla yao ni 55, na kampuni imezuiwa. Dharura ikafutwa, wa pili akaondolewa kwenye orodha, wa kwanza akahamishiwa amri nyingine. Sasa waliozuiwa wanamiliki 30 tu, na kampuni imefunguka, ingawa hakuna tangazo lolote lililoitaja. Lakini kama wa kwanza ndiye anayetia saini mikataba, bado hupaswi kusaini naye, kwani yeye mwenyewe amezuiwa. Kinyume chake pia hutokea: mtu mpya akiongezwa kwa amri iliyorekebishwa, kampuni uliyofanya nayo kazi mwaka mzima yaweza kufungwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, siku amri inapotoka, omba upya orodha ya wanahisa na asilimia zao, hata kama unayo ya mwaka jana.

Hatua ya sita: zitafute nguo ambazo hazikuwa kwenye msumari huo

Rais anaweza kufuta alichokitangaza yeye au waliomtangulia. Hawezi kwa amri yake kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Zimbabwe ina sheria yake mahususi iliyopitishwa Desemba 2001, inayojulikana kwa ufupisho wa ZIDERA, ambayo inawaagiza wawakilishi wa Marekani katika taasisi za fedha za kimataifa wapinge mikopo na misamaha ya madeni kwa serikali ya Harare. Amri ya Machi 2024 haikuigusa. Syria ilikuwa na sheria ya vikwazo iliyopewa jina la Caesar, iliyopitishwa Desemba 2019. Rais aliweza kuisimamisha kwa muda, lakini ilibaki kitabuni hadi Bunge lenyewe lilipoifuta Desemba 2025. Mwekezaji anayetaka kujenga mtambo wa umeme wa kudumu miaka 20 hawezi kuridhika na kusimamishwa kwa muda, na wawekezaji wengi walisubiri kwa sababu hiyo.

Kuna pia upendeleo wa kibiashara, ambao si kikwazo lakini watu huuchanganya nacho. Burundi iliondolewa katika AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia tarehe 1 Januari 2016 kwa sababu ya machafuko yaleyale. Kufutwa kwa dharura mwaka 2021 hakukuirudisha. Mkulima wa kahawa wa Kayanza au mshonaji wa Bujumbura aliyedhani kwamba soko la Marekani limefunguliwa bila ushuru alikuwa amechanganya mambo mawili yanayoamuliwa na ofisi mbili kwa vigezo viwili.

Mwisho kuna mamlaka nyingine za dunia: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya, Uingereza. Kila mmoja ana orodha yake na kalenda yake. Umoja wa Ulaya uliisimamishia serikali ya Burundi msaada wa moja kwa moja Machi 2016, na ukaiondoa hatua hiyo Februari 2022, miezi mitatu baada ya Marekani. Anayelipwa kwa yuro kupitia Brussels hawezi kujibiwa na amri iliyotiwa saini Washington.

Hatua ya saba: usidhani ya jana yamesamehewa

Sheria ya 1976 inasema, na karibu kila amri ya kufuta dharura hurudia, kwamba kufutwa hakuathiri hatua iliyokwisha kuchukuliwa, shauri ambalo halijaamuliwa, wala adhabu inayotokana na tendo lililofanyika kabla ya siku ya kufutwa. Kwa maneno mengine, lililokuwa kosa siku lilipotendwa linabaki kosa.

Wanaofungwa na sheria hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Ni raia wa Marekani popote alipo, mwenye ukaazi wa kudumu, kampuni iliyosajiliwa huko, na yeyote aliye ndani ya mipaka yake. Zaidi ya hao, mtu wa nje anayesababisha benki ya Marekani ivunje vikwazo anaweza kushtakiwa, na malipo mengi ya dola hupitia benki za New York hata kama mtumaji yuko Kigoma na mpokeaji yuko Bujumbura. Adhabu ya jinai inaweza kufika dola milioni moja na kifungo cha miaka 20. Adhabu ya madai iliyoandikwa katika sheria ni dola 250,000 au mara mbili ya thamani ya muamala, iliyo kubwa kati ya hizo, na kiwango hicho cha dola hupandishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Tarehe 24 Aprili 2024 Marekani iliongeza muda wa kufungua mashtaka ya namna hii kutoka miaka 5 hadi 10, na wajibu wa kuhifadhi kumbukumbu nao ukafanywa miaka 10 kuanzia Machi 2025. Fanya hesabu kwa Burundi: malipo yaliyopitia New York mwaka 2020 kwenda kwa mtu aliyeorodheshwa yanaweza kufuatiliwa hadi 2030, ingawa mpango wenyewe ulikufa 2021. Kwa hiyo usichome faili wala usifute barua pepe kwa sababu dharura imekwisha. Ankara, hati za usafirishaji, mawasiliano na benki, na ile nakala ya utafutaji wa jina, vyote viwekwe pamoja.

Hatua ya nane: zifuate fedha zilizokwama

Kwanza ujue fedha zako zilikutwa na nini. Malipo yaliyokataliwa hurudishwa kwa mtumaji. Malipo yaliyozuiwa hayarudi. Benki ya Marekani huyaweka katika akaunti maalumu yenye riba, huripoti kwa OFAC ndani ya siku 10 za kazi, na kuendelea kuyaripoti kila mwaka. Benki yako ya huku ikikuambia tu kwamba fedha "zimekwama", sisitiza upate jibu la maandishi linalosema ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea, tarehe gani, na kwa amri nambari gani. Bila nambari hiyo huwezi kupiga hatua.

Ukishaipata, irudishe kwenye karatasi yako ya safu tatu. Ikiwa amri hiyo iko katika safu ya kwanza na hakuna nyingine inayomgusa yeyote katika muamala, mali iko huru na unachohitaji ni kuikumbusha benki. Ikiwa iko katika safu ya pili au ya tatu, bado imezuiwa, na njia iliyopo ni kuomba leseni mahususi OFAC, ombi ambalo mwenye fedha anaweza kulipeleka mwenyewe.

Barua ya kuikumbusha benki iwe fupi na kamili. Itaje nambari ya muamala na tarehe yake, amri iliyosababisha zuio, amri iliyoifuta na siku ilipoanza kutumika, majina kamili ya pande zote pamoja na tarehe za kuzaliwa, umiliki wa kampuni kwa asilimia, na maelezo ya kilicholipiwa. Ambatisha nakala ya amri. Mwombe ofisa anayehusika na vikwazo aijibu, kwa sababu mhudumu wa kaunta hana mamlaka hayo hata akitaka kukusaidia.

Hata hivyo uwe na subira. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na benki zimeumwa sana. Programu zao za kukagua majina huchelewa kusasishwa, na baadhi yake hutilia shaka jina la nchi tu hata pasipokuwa na kikwazo chochote. Nawahurumia wajane na wanafunzi ambao fedha zao za karo hukaa majuma mengi kwa sababu neno "Bujumbura" limeandikwa kwenye fomu. Kinachosaidia ni maelezo mahususi: ukiandika "karo ya muhula wa pili", na kuambatisha ankara ya chuo, ofisa ana kitu cha kuweka katika faili lake, ilhali ukiandika "msaada" hujampa chochote.

Hatua ya tisa: andika mkataba unaojua kwamba msumari unaweza kurudi

Barack Obama aliifuta dharura ya Myanmar tarehe 7 Oktoba 2016. Jeshi likapindua serikali tarehe 1 Februari 2021, na tarehe 10 ya mwezi huohuo Biden alikuwa amekwisha kutangaza dharura mpya kwa amri nambari 14014. Siku tisa zilitosha. Waliokuwa na mikataba mirefu isiyosema lolote kuhusu vikwazo walijikuta hawana kifungu cha kushika.

Kwa hiyo, katika mkataba wowote na nchi iliyotoka hivi karibuni kwenye dharura, weka kifungu kinachosema kila upande unathibitisha hauko kwenye orodha wala haumilikiwi na walio kwenye orodha. Kwamba utatoa taarifa ya mabadiliko ya umiliki ndani ya siku zilizokubaliwa. Kwamba malipo yanaweza kusimamishwa bila kuhesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba iwapo vikwazo vitarudi. Na mzigo ulioko njiani wakati huo utakuwa wa nani. Kipande hicho cha mwisho ndicho huleta ugomvi mkali, hivyo kijadilini mapema, kontena likiwa bado halijaondoka bandarini Dar es Salaam au Mombasa.

Kuhusu leseni za jumla, ambazo OFAC huzitoa kuruhusu miamala fulani huku dharura ikiendelea, zichukue kwa tahadhari zaidi. Tarehe 23 Mei 2025 ilitolewa leseni nambari 25 iliyofungua karibu shughuli zote na serikali mpya ya Syria, majuma matano kabla ya dharura kufutwa. Leseni kama hiyo ni ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuirudisha. Mkataba ulioanzishwa juu ya leseni uwe mfupi kuliko ulioanzishwa juu ya kufutwa kwa dharura.

Kwa wasomaji walioko Goma, Bukavu na Lubumbashi, kalenda ya kuzingatia ni nyingine. Dharura ya Marekani kuhusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitangazwa tarehe 27 Oktoba 2006, amri yake ikarekebishwa Julai 2014 kwa kupanua sababu za kumworodhesha mtu, na Februari 2025 ikatumika kumworodhesha James Kabarebe, waziri katika serikali ya Rwanda. Huko msumari umerekebishwa bila kung'olewa. Anayenunua au kusafirisha madini kutoka mashariki mwa Congo anapaswa kuanza kuangalia Rejesta ya Shirikisho kuanzia mwisho wa Julai, siku 90 zinapoanza kuhesabika, na kuipitia tena kila juma hadi tangazo la mwaka huo litakapochapishwa.